Lavenda si mmea mmoja: tuchague kwa kuangalia mahali tunapopanda

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji nizungumzie jambo ambalo waandishi wa kurasa za bustani, wakiwamo wa gazeti hili, wamekuwa wakilipita juujuu. Kila inapoandikwa makala kuhusu lavenda, msomaji huambiwa apande mahali penye jua la kutosha, asimwagilie maji kupita kiasi na asimwage mbolea nyingi. Ushauri huo ni sahihi, wala sina ugomvi nao. Tatizo ni kwamba unakuja ukiwa umechelewa, kwa sababu kabla ya jua, maji na mbolea lipo swali ambalo likijibiwa vibaya hakuna matunzo yatakayoweza kulirekebisha, nalo ni hili: ni lavenda ipi inayopandwa? Watu huvutiwa na picha au harufu, wakanunua mche ulioandikwa jina moja tu la lavenda, na unapokufa au unapokaa miaka bila kutoa hata ua moja, hujilaumu kwamba hawana mkono wa kupanda. Mara nyingi hawana kosa lolote katika utunzaji. Mche haukuwa wa mahali pale tangu siku ulipotolewa kitaluni.

Lavenda ni jenasi nzima, Lavandula, iliyo katika familia moja na mnanaa, mrehani na rosemari. Ina spishi zaidi ya 40, na makao yake ya asili yanaanzia visiwa vya Kanari na Cabo Verde, yanazunguka bahari ya Mediterania, yanapita kaskazini na kaskazini-mashariki mwa Afrika na Bara Arabu, na kufika hadi India. Mmea ulioenea kiasi hicho hauwezi kuwa na tabia moja. Zipo spishi zilizozoea kulala chini ya theluji kila mwaka, zipo zinazoishi kwenye miteremko ya pwani ambako jalidi ni nadra, na zipo za pembezoni mwa jangwa. Kuzipa zote ushauri mmoja ni kuzitendea kana kwamba zimetoka mlima mmoja.

Majina ya sokoni nayo hayasaidii. Lavenda inayoitwa ya Kiingereza haikutoka Uingereza, bali katika milima ya kusini mwa Ulaya, na jina la lavenda ya Kifaransa hupewa spishi mbili zisizofanana, kutegemea anayeuza ni nani. Hata wanasayansi walipata shida hiyo hapo mwanzo: Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Uswidi, alipoandika orodha yake kubwa ya mimea mwaka 1753, aliweka chini ya jina moja, Lavandula spica, mimea miwili ambayo baadaye ilitenganishwa, mmoja ukaitwa Lavandula angustifolia mwaka 1768 na mwingine Lavandula latifolia mwaka 1784. Ndiyo maana katika barua hii nitatumia majina ya kisayansi, na ninamwomba msomaji asiyaogope. Ndiyo majina pekee yanayomhakikishia mnunuzi kwamba anachopewa ndicho alichokiomba.

Nianze na Lavandula angustifolia, ambayo wengi huiita lavenda ya kweli, na ambayo kwa maoni yangu ndiyo inayopendwa zaidi na kueleweka kidogo zaidi. Asili yake ni miteremko mikavu ya mawe katika milima ya Ufaransa, Italia na Hispania, ambako kiangazi kina jua kali lakini hewa ni kavu, na majira ya baridi huleta theluji. Mmea huu hustahimili baridi kali mno, hata nyuzi 20 za Selsiasi chini ya sifuri na zaidi, ilimradi mizizi yake isikae ndani ya maji. Lakini haustahimili baridi tu, unaihitaji. Aina nyingi za angustifolia huchanua vizuri baada ya kupitia wiki kadhaa za baridi ya karibu nyuzi 5 au chini yake, na kisha kupata siku ndefu zenye mwanga mwingi. Ukiipanda mahali ambapo hakuna majira ya baridi na ambapo urefu wa mchana haubadiliki sana mwaka mzima, inaweza kuota majani mazuri ya kijivu, ikanukia unapoipapasa, na bado isitoe mashuke ya maua, au itoe machache na dhaifu. Mtunza bustani atabadilisha udongo, ataongeza mbolea, ataihamisha huku na huku, ilhali kinachokosekana ni kitu asichoweza kukinunua.

Adui wa pili wa angustifolia ni joto lililochanganyika na unyevunyevu wa hewa. Majani yake yana vinyweleo vidogo vinavyoisaidia kupunguza upotevu wa maji mahali pakavu. Penye unyevunyevu mwingi vinyweleo hivyo hivyo hushika maji, matawi ya katikati hukosa hewa, na kichaka huanza kuwa cheusi na kuoza kutoka ndani. Anayeishi mahali pa joto lenye unyevunyevu, na bado moyo wake umeiganda spishi hii, nisingemkataza. Ningemwambia tu aipande kwenye chungu, mahali penye upepo, na aihesabu kuwa mmea wa muda.

Kwa mwenye mahali panapoifaa, angustifolia haina mpinzani. Harufu yake ni tamu na laini, kwa kuwa mafuta yake yana kafuri kidogo sana, kwa kawaida chini ya asilimia 1, na kwa sababu hiyo ndiyo inayochaguliwa kwa chai, maandazi na vyakula vingine. Aina zake za bustani ni nyingi. 'Hidcote', yenye jina la bustani ya Hidcote Manor huko Uingereza iliyotengenezwa na Lawrence Johnston, ina maua ya zambarau iliyokolea ambayo hayapotezi rangi kwa urahisi yakikaushwa, na haipandi sana kwenda juu, hivyo inafaa kwa wigo mfupi kandokando ya njia. 'Munstead', inayohusishwa na Gertrude Jekyll, mbunifu wa bustani aliyefariki mwaka 1932, ina rangi ya samawati iliyofifia kidogo na kwa kawaida huchanua mapema. Ipo 'Rosea' ya waridi, na 'Nana Alba' nyeupe, ambayo ni fupi sana na hupendeza kwenye vyungu. Nikiulizwa nichague moja tu kwa ajili ya wigo, nitachukua 'Hidcote' bila kusita, kwa sababu wigo hudai mimea inayolingana na rangi inayoonekana kwa mbali.

Spishi ya Lavandula latifolia sitaizungumzia kwa urefu, kwa kuwa ni nadra kuikuta vitaluni. Ina majani mapana zaidi, huishi sehemu za chini kuliko angustifolia, huchanua baadaye, na harufu yake ya kafuri ni kali. Umuhimu wake mkubwa kwetu ni kwamba ni mzazi. Mahali ambapo mpaka wake na ule wa angustifolia hukutana milimani, nyuki huchukua chavua ya mmoja na kuipeleka kwa mwingine, na kutokana na hayo huzaliwa chotara aitwaye Lavandula × intermedia, anayejulikana kwa jina la lavandini.

Lavandini anastahili kujulikana zaidi kuliko anavyojulikana. Picha zile maarufu za mashamba ya nyanda za Valensole, kusini mwa Ufaransa, zenye mistari mirefu ya zambarau inayopotelea kwenye upeo wa macho, kwa sehemu kubwa ni picha za lavandini, wala si za angustifolia. Mtu huiona picha ile, akaenda kununua 'Hidcote', kisha akashangaa kwamba kichaka chake kimesimama kwenye goti ilhali kile cha pichani kinafika kiunoni. Anayetaka kichaka kikubwa cha mviringo chenye mabua marefu yanayochomoza kila upande, na aliye na nafasi ya kukipa, aulize lavandini: 'Grosso', ambayo ndiyo iliyotawala mashamba ya Ufaransa kwa sababu ya wingi wa mafuta yake, au 'Provence', au 'Super', ambayo harufu yake inaikaribia zaidi ile ya angustifolia. Lavandini huchanua wiki kadhaa baada ya angustifolia, na hiyo ni faida kubwa kwa mwenye nafasi ya kupanda zote mbili, maana ya kwanza inapoanza kufifia ya pili ndiyo kwanza inafungua maua.

Chotara huyu pia hustahimili joto na hewa yenye unyevunyevu kuliko angustifolia, ingawa naye ana mpaka wake. Nyuki wanampenda mno, hasa wale wakubwa wenye manyoya mengi. Upungufu wake ni harufu. Mafuta ya 'Grosso' yana kafuri ya takriban asilimia 6 hadi 8, na ingawa kwa mifuko ya kuwekwa kabatini hilo ni jambo jema kabisa, ukiitia katika keki utahisi unakula dawa ya kuchua. Upungufu mwingine, ambao ni wa kimaumbile, ni kwamba lavandini ni tasa. Hatoi mbegu zinazoota, na huzalishwa kwa vipandikizi peke yake. Nitarudi kwenye jambo hili nikifika kwenye ununuzi.

Lavandula stoechas ni kiumbe kingine kabisa. Suke lake ni nene na fupi, na kileleni huchomoza vijani virefu vyenye rangi vinavyosimama kama masikio ya sungura. Hivyo ndivyo vinavyomvutia mnunuzi, na sishangai. Huchanua mapema kuliko lavenda nyingine nilizozitaja, na ukiondoa mashuke yaliyozeeka huchanua tena na tena. Haihitaji baridi kali ili itoe maua, wala haistahimili jalidi kali kama angustifolia. Baridi ikishuka kati ya nyuzi 5 na 10 chini ya sifuri, wengi huipoteza. Tofauti yake kubwa iko kwenye udongo. Angustifolia hufurahia udongo wenye chokaa, lakini stoechas hupendelea udongo usio na chokaa, wa kati au wenye uchachu kidogo. Makala inayomwambia msomaji amwage chokaa kwa ajili ya lavenda yake, bila kumwuliza ni lavenda ipi, inaweza kuwa inamwelekeza kuufanya mche wake uwe wa manjano na kudhoofika.

Kuna tahadhari moja kuhusu stoechas ambayo sijaiona ikiandikwa mara nyingi. Hutoa mbegu nyingi zinazoota zenyewe, na katika jimbo la Victoria, Australia, iliwahi kutoka bustanini na kuenea hadi ikahesabiwa kuwa magugu. Anayeishi karibu na malisho au pori la asili, penye hali ya hewa inayofanana na ile ya Mediterania, ayakate mashuke yake kabla mbegu hazijakomaa, na aulize kwanza kama inaruhusiwa kupandwa mahali pake. Sipendi kuona mmea mzuri ukigeuka mzigo kwa majirani.

Sasa nifike kwenye kundi ambalo, kwa sehemu zote zisizo na majira ya baridi ya kweli, ndilo ningependa litajwe kwanza na si mwisho. Lavandula dentata hutambulika kwa majani yake yenye kingo za menomeno, kama jina lake linavyodokeza, na asili yake inajumuisha Hispania, Morocco na Algeria, pamoja na maeneo ya Ethiopia, Eritrea na Bara Arabu. Haihitaji kusubiri baridi. Mahali penye hali ya hewa ya wastani huweza kuchanua karibu mwaka mzima, ikipumzika kidogo na kuanza tena. Maua yake si mazito wala hayana rangi kali kama ya 'Hidcote', na harufu yake inaelekea zaidi kwenye rosemari na kafuri kuliko kwenye ule utamu ambao watu hudhani ndio pekee wa lavenda. Hata hivyo ni harufu nzuri, na kichaka kinachochanua kwa harufu isiyo tamu sana, kwa mtazamo wangu, kinapendeza kuliko kichaka chenye sifa kubwa kisichochanua kabisa.

Dentata pia imezaa machotara wanaofaa kutafutwa. Lavandula × heterophylla, anayehesabiwa kuwa mtoto wa dentata na latifolia, huwa kichaka kikubwa cha kijivu chenye mabua marefu, na ni miongoni mwa lavenda zinazovumilia joto na unyevunyevu vizuri zaidi. Aina iitwayo 'Goodwin Creek Grey', ambayo ndani yake kuna damu ya dentata na ya Lavandula lanata yenye majani ya manyoya kutoka kusini mwa Hispania, nayo huvumilia joto vizuri, na majani yake ya fedha hupendeza hata siku ambazo haina ua. Anayenunua mche kwa ajili ya mahali pa joto angeanzia hapa, na kama moyo bado una hamu ya angustifolia, ajaribu mmoja pembeni huku bustani ikiwa tayari imejaa lavenda zinazoishi.

Zipo vilevile Lavandula multifida na Lavandula pinnata, zenye majani yaliyochanikachanika. Huchanua muda mrefu sana penye joto, na mashuke yake hugawanyika kwa namna ya kupendeza. Lakini harufu yake si ya lavenda. Multifida hukumbusha oregano. Muuzaji anayezitoa kwa jina la lavenda bila kumweleza mnunuzi jambo hili hamtendei haki, kwa maana watu wengi hununua lavenda kwa pua kabla ya macho. Kwa anayetaka rangi peke yake, ni mimea mizuri sana. Lavandula viridis yenye maua ya kijani-njano na harufu ya limau ni ya mpenzi wa vitu visivyo vya kawaida, na ninaitaja ili tu ijulikane kwamba ipo.

Najua lipo jibu litakalotolewa dhidi ya haya yote, kwamba mwenye bustani ndogo hana haja ya elimu ya spishi na kwamba apande kinachompendeza. Nakubali kwamba kupendeza ndiyo sababu ya bustani. Lakini mmea unaokufa haumpendezi yeyote, na uchaguzi wenyewe si mgumu ukiulizwa kwa mpangilio unaofaa. La kwanza ni mahali: je, pana majira ya baridi, na je, hewa ni kavu au ina unyevunyevu? Jibu la hapo huondoa nusu ya majina. La pili ni udongo, kama una chokaa au una uchachu. Ni baada ya hapo tu ndipo matumizi yanapoingia, na hapo mtu ana uhuru wote: jikoni, angustifolia, kukausha mafungu marefu, lavandini, chungu cha mlangoni, stoechas au dentata, wigo mfupi, 'Hidcote' au 'Munstead'. Wengi wetu huanza na matumizi, au na rangi, kisha tukalazimisha mahali pakubaliane nasi.

Kuhusu udongo, lipo jambo linalozihusu karibu zote, nalo ni maji yasiyotuama. Lavenda nyingi huuawa na maji kuliko ukame. Mizizi ikikaa kwenye udongo uliolowa na kukosa hewa hushambuliwa na vimelea vya kuozesha, wakiwamo wale wa jenasi Phytophthora, na mmea hunyauka kana kwamba una kiu. Mwenye bustani akiona umenyauka huongeza maji, na hapo ndipo anapoumaliza. Penye udongo wa mfinyanzi, njia nzuri ni kupanda juu ya tuta lililoinuliwa, lenye mchanga wa chembe kubwa na changarawe, badala ya kuchimba shimo na kulijaza mchanga, kwa sababu shimo la namna hiyo katikati ya mfinyanzi hugeuka kisima. Samadi nyingi haifai. Huleta majani mengi laini, mabua yanayolala na maua machache. Anayepanda kwenye chungu ahakikishe kina matundu, na ni bora kiwe cha udongo wa kuchoma, ambacho hupumua, kuliko cha plastiki.

Nafasi kati ya mche na mche pia hutegemea aina, na hapa makosa ni ya kawaida mno, kwa sababu miche yote ikiwa kwenye vifuko vya kitalu huonekana na ukubwa uleule. 'Hidcote' katika wigo hutosheka na sentimita 30 hivi. 'Grosso' inadai karibu mita moja, na ikibanwa huoza katikati kwa kukosa hewa.

Upogoaji nao ni sehemu ya uchaguzi, ingawa haufikiriwi siku ya kununua. Angustifolia na lavandini hutaka kupogolewa kila mwaka baada ya kuchanua, mabua yakiondolewa pamoja na sehemu ya juu ya majani, lakini mkasi usifike kwenye mti mkavu usio na majani, maana tawi lililokatwa hapo ni nadra kuchipua tena. Asiyepogoa hujikuta baada ya miaka michache na kichaka kilicho wazi katikati, chenye shina la mti lililopinda na majani kidogo nchani. Stoechas na dentata hazipendi kukatwa sana kwa mkupuo mmoja. Zinataka kupunguzwa kidogo kidogo kila zinapomaliza mzunguko wa maua. Mtu anayejijua kwamba hana muda wa kurudi kwenye mmea mara kwa mara angefanya vyema kuchagua angustifolia au lavandini, kama mahali pake panaruhusu, kuliko stoechas, ambayo isipoguswa huzeeka haraka.

Nimalizie na ununuzi, na hapa nazungumza pia na wauza miche. Aina zenye majina, kama 'Hidcote' na 'Munstead', hubaki zilivyo pale tu zinapozalishwa kwa vipandikizi. Mbegu zake huota, lakini miche itakayopatikana hutofautiana kwa kimo, rangi na wakati wa kuchanua, na anayepanda wigo kwa mbegu asitarajie mstari ulionyooka. Kwa lavandini hali ni wazi zaidi: kwa kuwa ni tasa, pakiti yoyote ya mbegu iliyoandikwa 'Grosso' au 'Provence' ina kitu kingine ndani yake, na mnunuzi anayo haki ya kuikataa.

Mche usio na lebo bado unaweza kutambulika kwa kiasi fulani. Majani yenye menomeno ni dalili ya dentata au mtoto wake. Vijani virefu vyenye rangi juu ya suke ni vya stoechas na ndugu zake wa karibu. Majani yaliyogawanyika kama ya karoti ni multifida au pinnata. Ugumu uko kati ya angustifolia na lavandini wanapokuwa wadogo, lakini likiwapo bua la maua, litazame chini ya suke: angustifolia kwa kawaida hutoa bua moja lisilo na matawi, na lavandini mara nyingi hutoa vijitawi viwili vya pembeni, kila kimoja na kisuke chake. Sugua jani moja pia. Kafuri ya lavandini hutangulia kufika puani.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni dogo. Makala ijayo ya lavenda itakapochapishwa katika gazeti hili, itaje spishi, itaje kama inahitaji baridi ili ichanue, na itaje udongo inaoupenda. Na wauza miche waandike kwenye lebo mambo matatu: jina la spishi, jina la aina kama lipo, na kama mche umetokana na mbegu au kipandikizi. Lebo hiyo inaingia kwenye kikaratasi kidogo, na kalamu inayoandika bei inaweza kuyaandika hayo pia.

Wako,
Msomaji na mpenda bustani